Kurekodi Televisheni kwa Ajili ya Siku za Mbalamwezi

Mama yangu anaishi kwa kalenda ya mwezi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akinunua na kuuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, ambazo huwavuta vizuri pale tu anga linapokuwa jeusi. Mwezi unapopevuka na mbalamwezi kutanda juu ya maji, taa hizo hupoteza nguvu, mitumbwi hupandishwa mchangani, wavuvi hushona nyavu, na mama hupata siku zake chache za kukaa nyumbani. Giza linaporudi, hulala saa moja jioni na kuamka saa tisa usiku ili alfajiri imkute sokoni. Kwa mpangilio huo, taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo ameipenda tangu televisheni ilipoingia nyumbani kwetu, humpita siku ishirini au zaidi mfululizo, na anapopata nafasi ya kuketi mbele ya runinga mchana wa mbalamwezi, kinachoonyeshwa wakati huo sicho alichokitaka.

Nilianza kurekodi matangazo ya televisheni kwa sababu hiyo moja. Sikuwa fundi wa mitambo, na hadi leo siwezi kujiita fundi, lakini imenichukua karibu miaka miwili kujenga mtambo mdogo ambao sasa unafanya kazi kila usiku bila mimi kuugusa: antena juu ya bati, waya unaoshuka hadi sebuleni, kipokezi cha USB chenye ukubwa wa kidole gumba, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na diski ya gigabaiti 500. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu yeyote wa ukanda huu wa ziwa mwenye haja kama yangu, kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yaliandikwa kwa watu wa nchi nyingine, wenye minara mingine na ratiba nyingine za maisha.

Wazo la kurekodi lenyewe si geni kwetu. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Mwanza deki ya mikanda ilitangulia matangazo yenyewe, na matangazo yalipofika tulikuwa tayari tunajua kurekodi. Deki, hata hivyo, ilinakili kila kilichofika, pamoja na chenga. Upepo ukitikisa antena wakati wa kurekodi, chenga zile zilibaki ndani ya mkanda milele, na kila mara mkanda ulipochezwa zilizidi kidogo.

Tarehe 28 Februari 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza, miezi miwili baada ya Dar es Salaam, na kila nyumba iliyotaka kuendelea kutazama ililazimika kuwa na king'amuzi. Wengi tuliyachukulia mabadiliko hayo kama suala la kununua kisanduku kipya, na hatukuona jambo kubwa zaidi lililotokea siku ile, kwamba picha inayosafiri hewani ilikuwa imegeuka kuwa tarakimu. Picha ya analojia hurekodiwa kwa kuigizwa, na kila nakala huwa dhaifu kuliko mama yake. Tarakimu hunakiliwa kama zilivyo. Kipokezi cha USB kinaporekodi hakiipigi picha runinga wala hakitengenezi video yake chenyewe. Huchukua mtiririko uleule uliotoka mnarani na kuuweka kwenye diski, biti kwa biti, na ndiyo maana kompyuta dhaifu isiyoweza hata kuicheza video ya ubora wa juu bila kukwama inaweza kuirekodi bila shida yoyote. Kazi yake ni kupokea na kuhifadhi tu, kama karani wa ghala asiyelazimika kula kilichomo katika magunia.

Ningependa kukaa kidogo kwenye hesabu zake, kwa sababu zilipoingia kichwani mwangu mambo mengi yaliyonisumbua yalifumbuka. Picha ya televisheni ya kawaida ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Picha ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili, ambazo ni mara tano kamili ya zile za kawaida. Kama picha 25 za namna hiyo zingetumwa kila sekunde bila kubanwa, zingehitaji zaidi ya megabiti 600 kwa sekunde, wakati ambapo mkondo mmoja wa hewani wenye upana wa megahezi 8, kwa mfumo wa DVB-T2 unaotumika nchini, hubeba takribani megabiti 30 hadi 40, tena ukigawanywa kwa chaneli nyingi. Inambidi mtangazaji abane. Njia ya kubana iitwayo H.264 huituma picha nzima mara moja baada ya muda, kisha katikati hutuma mabadiliko tu: mdomo wa msomaji wa habari umesogea, bendera nyuma yake imetulia. Kwa njia hiyo chaneli ya ubora wa juu hufika kwangu kwa takribani megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti moja kila sekunde (baiti moja ni biti nane), au gigabaiti 3.6 kwa saa. Taarifa za habari ishirini za saa moja moja, za giza zima la mwezi mmoja, huchukua gigabaiti 72. Diski yangu inaweza kuhifadhi giza sita.

Kubana huko kuna gharama yake, nayo huonekana pale pakiti inapopotea njiani. Mtiririko huo husafiri katika pakiti za baiti 188 kila moja, ambazo zote huanza kwa baiti ileile ya utambulisho, na kwa kasi niliyoitaja hupita zaidi ya pakiti 5,000 kila sekunde. Kila pakiti ya mkondo mmoja hubeba namba inayokwenda kutoka 0 hadi 15 na kuanza upya. Nilipoiona mara ya kwanza niliwakumbuka vijana wanaohesabu magunia ya dagaa yakipandishwa kwenye lori pale Mwaloni, wakiimba namba kwa sauti ili gunia lililorukwa lijulikane palepale. Kipokezi nacho huhesabu hivyo hivyo: baada ya 6 ikija 8, kinajua kwamba 7 imepotea. Na kwa kuwa picha zinazofuata zimejengwa juu ya mabadiliko ya zile zilizotangulia, pakiti moja iliyopotea inaweza kuuvuruga uso wa mtu kwa miraba ya rangi hadi picha nzima nyingine ifike. Kwenye runinga uso huo huganda kwa nusu sekunde, nawe unasahau. Kwenye rekodi mvurugo huo unabaki.

Kifaa changu cha kwanza nilikinunua kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta mjini kwa sababu kisanduku chake kiliandikwa kwamba kinapokea televisheni ya dijitali. Nilikichomeka, nikaiamuru programu itafute chaneli, ikapita masafa yote kuanzia megahezi 474 kwenda juu, hatua moja ya megahezi 8 baada ya nyingine, na haikupata hata moja. Nikabadilisha waya. Nikapanda juu ya bati. Nikarudia kutafuta usiku, nikidhani mchana una kelele nyingi. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba ndani ya kifaa kile kulikuwa na chipu ya RTL2832U peke yake, ambayo huelewa DVB-T, yaani kizazi cha kwanza, na haiwezi kabisa kuelewa DVB-T2 hata mnara ungekuwa dirishani. Mifumo hii miwili hutumia masafa yaleyale na antena ileile, lakini lugha yake ni tofauti. Ya pili, iliyotolewa rasmi mwaka 2009, hugawanya mkondo mmoja katika mawimbi madogo ambayo katika mpangilio wake mkubwa huzidi 27,000, na hutumia namna nzito zaidi ya kusahihisha makosa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vifaa vya namna ile bado vinauzwa kwa wingi, ni vya bei nafuu, na watu huvinunua kwa matumaini. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome mahali palipoandikwa T2. Pasipoandikwa, akirudishe kisanduku rafuni.

Cha pili nilikiagiza kupitia kwa binamu yangu aliyekuwa akisafiri, nacho kina chipu za Si2168 na Si2157 za kampuni ya Silicon Labs, ambazo Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, imezitambua kwa miaka mingi. Zinahitaji faili dogo la fimwea, yaani programu ya ndani ya kifaa chenyewe, ambalo kompyuta hulipakia ndani ya kifaa kila kinapowashwa, na faili hilo lisipowekwa mahali pake kifaa huonekana kizima lakini hakipokei kitu. Hilo nililitatua kwa jioni moja. Kazi ya juu ya bati ilichukua muda mrefu zaidi.

Nyumba yetu iko Bwiru, kwenye mteremko unaoelekea ziwani, na anayeifahamu Mwanza anajua maana ya kuishi kati ya mawe yale. Nyuma yetu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, na juu ya jiwe hilo kuna mengine matatu yaliyokaa kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Mawe ni mazuri kwa macho na ni mabaya kwa mawimbi ya televisheni, ambayo katika masafa haya hupenda kusafiri kwa mstari ulionyooka. Kwenye megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa nusu mita, na ndiyo maana kijiti kikuu cha antena ya nje kina takribani nusu ya hapo, zaidi kidogo ya shubiri. Kitu chenye ukubwa wa nyumba huliziba wimbi la namna hiyo au hulirudisha lilikotoka.

Niliomba msaada wa mpwa wangu, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha pili. Mimi nilisimama juu ya bati nikiwa nimeshika bomba la antena, naye akaketi chini ya mwembe na kompyuta mpakato mapajani, akisoma kwa sauti namba iliyokuwa ikibadilika kila sekunde. Namba ile ni tofauti kati ya nguvu ya mawimbi na nguvu ya kelele, kwa desibeli, na ndiyo namba pekee ambayo mtu anayerekodi anapaswa kuijali.

"Mjomba, kumi na nne," alisema. "Kumi na nne. Kumi na tano. Imerudi kumi na nne."

Antena za majirani zote zilikuwa zimeelekezwa upande mmoja, nami nilikuwa nimezifuata kwa heshima. Nikaona baadaye kwamba nyingi zilifungwa enzi za analojia na hazijaguswa tangu hapo. Nikaigeuza yangu polepole kuelekea pengo lililo kati ya jiwe letu na nyumba ya jirani, na mpwa wangu akaanza kupandisha sauti: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini. Nilipoizungusha ili vijiti vyake, vilivyokuwa vimelala, visimame wima, namba iliporomoka hadi saba, nikajua kwamba mawimbi yanayotufikia ni ya kulala. Nikavirudisha. Kisha nikaongeza kipande cha bomba, kama mita moja na nusu, na sauti ikatoka chini ya mwembe:

"Ishirini na tatu, Mjomba! Usiguse tena!"

Kwa hapa kwangu, chaneli hizo hufunguka vizuri kuanzia takribani desibeli 20. Kati ya 18 na 20 huganda mara kwa mara, na chini ya 18 hakuna kitu. Hapo ndipo dijitali inapotofautiana sana na enzi ya chenga. Zamani picha ilidhoofika taratibu, nasi tulivumilia. Sasa huwa safi kabisa hadi ukingoni, kisha hutumbukia. Mtu anayetazama tu anaweza kuridhika na 20.5. Mtu anayerekodi, hasa kama mimi ninayerekodi nikiwa nimelala, anahitaji akiba, kwa sababu kati ya saa mbili na saa tatu usiku mengi yanaweza kutokea: upepo wa nchi kavu huanza kuvuma kuelekea ziwani, mvua hujikusanya, lori kubwa huegeshwa mbele ya nyumba. Desibeli tatu za akiba ndizo zilizomaliza miraba katika rekodi zangu, na hakuna programu yoyote wala kompyuta ya bei kubwa ambayo ingeweza kufanya hivyo kwa niaba ya lile bomba.

Ziwa lenyewe lina mambo yake. Baadhi ya usiku wenye utulivu, hewa iliyo karibu na maji inapokuwa na tabia tofauti na hewa ya juu yake, mawimbi hupindwa na kusafiri mbali kuliko kawaida. Usiku mmoja wa aina hiyo programu yangu iliona mkondo ambao haikuwahi kuuona, ikausajili pamoja na chaneli zake, na asubuhi mkondo huo haukuwepo. Nimeiacha kumbukumbu yake katika orodha.

Lililonitesa kuliko yote halikutoka angani. Kwa miezi kadhaa rekodi zangu ziliharibika siku fulani na kuwa safi siku nyingine, bila kufuata upepo wala mvua. Niliandika kila kitu katika daftari: tarehe, saa, desibeli, hali ya hewa. Ilikuwa ni mama aliyelitazama daftari hilo na kuniambia kitu ambacho sikukiona.

"Mwanangu, hizi ulizoziandika mbaya zote ni za giza."

Alikuwa sahihi. Siku za giza, mmoja wa wavuvi wanaomuuzia mama huleta betri za taa zake za dagaa nyumbani kwetu zichajiwe, kwa kuwa siku hizi taa nyingi za ziwani ni za LED na karabai zimepungua sana. Chaja tatu za bei nafuu zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi ya ukutani ambako waya wa antena ulipita, karibu kabisa na kile kikuza mawimbi nilichokifunga njiani. Nilimwita mpwa wangu, tukafanya jaribio: chaja zikizimwa, 23, chaja zikiwashwa, 17. Chaja za namna hiyo hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zisipojengwa kwa vichujio vya kutosha hugeuka kuwa mnara mdogo wa kelele ndani ya nyumba. Nilizihamishia stoo, nikabadilisha waya mwembamba kwa waya wa RG6 wenye ngao nene ya alumini na nyuzi, nikakitoa kikuza mawimbi kabisa, kwa sababu kilikuwa kinaikuza kelele pamoja na picha. Namba ilitulia kwenye 24. Kipokezi chenyewe nimekiweka mbali na kompyuta kwa waya wa USB wa urefu wa mita moja, na hupata umeme kutoka kwenye kigawanyi chenye adapta yake, ili kisigombanie nguvu na diski.

Programu ninayotumia ni Tvheadend, ambayo hufanya kazi ndani ya ile Raspberry Pi na kusimamiwa kutoka kwenye simu kupitia kivinjari. Hupanga rekodi kwa saa, huongeza dakika chache kabla na baada, na huweza kurekodi chaneli mbili au tatu kwa pamoja kwa kipokezi kimoja, mradi zote ziko kwenye mkondo mmoja wa hewani. Jambo hilo la mwisho linafaa sana hapa kwetu, ambapo vituo vingi husoma habari saa ileile. Chaneli zilizofungwa kwa ajili ya malipo huonekana katika orodha lakini hazifunguki, na sijawahi kujaribu kuzifungua. Ninachokirekodi ni kile kinachorushwa wazi kwa kila mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi, na rekodi zangu haziendi nje ya sebule ya mama. Nimeombwa mara kadhaa kuzigawa kwenye makundi ya simu na nimekataa.

Suala la saa linahitaji maelezo mafupi. Kompyuta hupenda kuhesabu kwa saa za Greenwich, sisi tuko saa tatu mbele yake, na juu ya hapo tuna hesabu yetu ya Kiswahili inayoanza alfajiri. Katika wiki ya kwanza niliandika 20:00 kama saa mbili usiku, na hiyo ilikuwa sawa, lakini sikuwa nimeiambia kompyuta kwamba inaishi Afrika Mashariki. Ilisubiri hadi saa tano usiku na kurekodi filamu. Mama aliitazama yote mbalamwezi ilipofika, akisubiri habari zianze.

Kosa lililonisikitisha zaidi lilihusu hotuba ya bajeti kuu ya serikali, ile inayosomwa bungeni Dodoma mwezi Juni. Mama alikuwa ameniomba mapema niihifadhi yote, kwa sababu yeye na wenzake walitaka kusikia kama kuna lolote litakalosemwa kuhusu kodi za zana za uvuvi. Diski yangu ilikuwa imejaa, nikaweka fleshi mpya, nikapanga saa nne nzima za kurekodi. Jioni nikakuta faili limekatika katika dakika ya 71. Halikuwa limeharibika, lilisimama tu, huku waziri akiwa katikati ya sentensi. Fleshi nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia gigabaiti 4 na ushee, na kwa megabaiti moja kila sekunde ukomo huo hufika baada ya sekunde 4,295. Ni hesabu ya darasa la saba, ambayo kama ningeifanya asubuhi ile, mama asingelazimika kusubiri magazeti ya kesho yake. Tangu wakati huo kila fleshi na kila diski inayoingia nyumbani huipanga upya kwa mifumo isiyo na ukomo huo, yaani exFAT, au ext4 kama itabaki kwenye Linux, kabla sijaitumia kwa jambo lolote.

Umeme nao ulinifundisha kuweka betri. Raspberry Pi na kipokezi hutumia nguvu ndogo sana, kiasi kwamba betri moja ya akiba inavibeba kwa saa kadhaa, na kwa kuwa mnara una jenereta zake, kuna usiku ambao mtaa mzima uko gizani, runinga zote zimezimika, na taarifa ya habari inaendelea kuingia kwenye diski yetu taratibu, ikiashiria kwa taa moja ndogo ya kijani.

Nimeulizwa kwa nini nihangaike na ubora wa juu, wakati ambapo ubora wa kawaida ungetosha kwa habari na ungeokoa nafasi. Nilikuwa na shaka hiyohiyo hadi mbalamwezi ya mwezi uliopita. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, na fleshi ikiwa nyuma ya runinga tulikuwa tunazipitia habari za giza zima, moja baada ya nyingine, yeye akiniambia niruke au niache. Ikaja habari fupi kutoka Ukerewe kuhusu akina mama wanaoanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani. Kamera ilipita juu ya chanja kwa sekunde tatu au nne.

"Rudisha hapo," alisema.

Nikarudisha.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Akainuka, akasogea hadi akawa kama shubiri mbili kutoka kwenye kioo, akaweka kidole kwenye samaki mmoja, kisha mwingine pembeni yake. Picha ilikuwa safi, kila dagaa alionekana peke yake, jicho na mkia, na fedha ya ubavu wake.

"Hawa wa juu wamejikunja, wamekauka. Hawa wa chini yao wamenyooka, tumbo bado bichi. Wamewarundika. Wakifungwa kwenye gunia hivi hawafiki hata wiki." Akaendelea kutazama. "Lakini chanja yenyewe nzuri. Wamefunga wavu wa zamani juu ya miti. Hebu nionyeshe pale pembeni walivyoufunga."

Nilimwonyesha picha kwa picha, mbele na nyuma, hadi akaridhika na fundo. Katika rekodi ya kawaida kipande kile kingekuwa doa la kijivu. Alimpigia simu mwenzake anayekausha dagaa huko Igombe, wakazungumza kwa muda mrefu kuhusu miti ya kutumia na umbali wa kutoka ardhini, naye akaniagiza nisilifute faili lile hata diski ikijaa.

Jana usiku mwezi ulichelewa kutoka, na leo wavuvi wameanza kushusha mitumbwi. Kuanzia sebuleni naziona taa za kwanza zikipangana juu ya maji. Mama amelala. Betri tatu ziko stoo zinachaji, antena iko kwenye 24, na rekodi ya saa mbili imeanza dakika tatu kabla ya wakati, kama nilivyoipanga.